Mkengeuko si kasoro ya gesi

Mtungi wa kuzimia moto wenye kaboni dioksaidi hauna geji. Ile ya unga na ya maji unaikuta na mshale umekaa kwenye kijani, lakini huu wa kaboni dioksaidi, fundi akija kuukagua, anaupandisha kwenye mizani, anasoma kilo, analinganisha na uzito ulioandikwa kwenye mtungi, basi. Si kwamba mtengenezaji amebana matumizi. Geji ikifungwa pale itakuwa inadanganya watu: itaonyesha mtungi umejaa wakati zaidi ya theluthi ya kilichomo imeshavuja.

Ile fomula tuliyokaririshwa shuleni, PV = nRT, haiwezi kukueleza kwa nini. (P ni shinikizo, V ni ujazo, n ni idadi ya moli, T ni halijoto kwa Kelvini, na R ni namba isiyobadilika.) Tuijaribu. Chukua moli moja ya kaboni dioksaidi, yaani gramu 44, uifungie kwenye chombo cha mililita 100, halijoto iwe nyuzi 27 za Selsiasi, sawa na Kelvini 300. Fomula inasema shinikizo litakuwa bar 249, bar moja ikiwa karibu sawa na shinikizo la hewa inayotuzunguka. Ukipima unakuta bar 67. Toa gramu tano, subiri chombo kirudi kwenye nyuzi 27, pima tena: 67. Toa tano nyingine: bado 67. Mshale unaanza kushuka pale tu zinapobaki gramu 27 hivi.

Mtetezi wa fomula atasema sikuitendea haki, kwa sababu humo ndani sehemu ya gesi imeshageuka kimiminika, na PV = nRT ni ya gesi peke yake. Ni kweli. Ila swali langu ni hili: gesi ilijuaje kwamba inatakiwa kugeuka kimiminika? Fomula haikuisukuma huko. Katika ulimwengu wa PV = nRT kimiminika hakipo. Punguza joto utakavyo, kandamiza utakavyo, gesi itaendelea kujibana tu hadi ujazo uwe sifuri. Hakuna umande, hakuna mvua, hakuna bahari.

Vitabu vingi vina sura, aghalabu fupi na ya mwishoni, inayohusu mkengeuko wa gesi halisi kutoka kwenye tabia ya gesi kamilifu, yaani ile ya kufikirika inayotii PV = nRT bila kukosea. Angalia lawama imetwishwa nani. Fomula ndiyo iliyonyooka, na gesi ndiyo iliyopotoka njia. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kuna sheria, halafu kuna utovu wa nidhamu wa hapa na pale unaorekebishwa kwa vijinamba viwili. Mimi naona mambo yako kinyume kabisa. Mkengeuko ndio sehemu ya gesi inayotuambia gesi yenyewe ni ipi, na PV = nRT ndiyo inayobaki ukishafuta kila kinachoitofautisha gesi moja na nyingine.

Ushahidi uko ndani ya fomula yenyewe. Ile R ni moja kwa gesi zote. Weka heliamu, weka amonia, weka mvuke wa maji, R haibadiliki, jibu halibadiliki. Kwenye nyuzi sifuri na atmosfia moja, moli ya gesi yoyote inapewa lita 22.41. Kaboni dioksaidi ikipimwa inakaa kwenye lita 22.26, tofauti isiyofika asilimia moja, na ndiyo maana fomula imeishi muda mrefu hivyo: kwenye hewa ya kawaida inatosha, na anayekokotoa upepo au hewa ya chumbani hana sababu ya kuhangaika. Lakini hiyo sehemu ndogo iliyopungua, ile lita 0.15, ndimo ilimofichwa habari yote kuhusu jinsi molekuli za kaboni dioksaidi zinavyovutana. Heliamu haipungui hivyo. Yenyewe inazidi kidogo.

Fomula imejengwa juu ya mambo mawili ambayo kila mtu anajua si kweli: kwamba molekuli hazichukui nafasi, na kwamba hazivutani. Aliyeyashika yote mawili kwa pamoja na kuyaingiza kwenye mlinganyo mmoja ni Johannes Diderik van der Waals, mtoto wa seremala wa Leiden, Uholanzi, aliyekuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi na kuzuiwa mitihani ya chuo kikuu kwa sababu hakusoma Kilatini wala Kigiriki. Masharti yalipolegezwa akaandika tasnifu yake, akaitetea mwaka 1873 akiwa na umri wa miaka 35. Tuzo ya Nobel ya fizikia ilimfikia mwaka 1910. Tukumbuke kwamba wakati anaandika, wapo wanasayansi wakubwa waliokuwa bado wanazichukulia molekuli kama njia tu ya kurahisisha hesabu. Yeye alizipa ukubwa.

Kwa moli moja mlinganyo wake unasomeka hivi: P = RT/(V − b) − a/V². Herufi b ni nafasi ambayo molekuli zinanyimana kwa sababu ya miili yao. Herufi a ni nguvu ya kuvutana. Kila gesi ina a yake na b yake, na hapo ndipo gesi inapopata jina.

Turudi kwenye gramu 44 zetu, maana hapa pana utamu. Kwa kaboni dioksaidi b ni lita 0.0427. Kwenye lita 22 hiyo ni kama asilimia 0.2 ya nafasi, haionekani. Lakini tumeibana kwenye lita 0.1, kwa hiyo miili ya molekuli imekula asilimia 43 ya chumba. Kipande cha kwanza cha mlinganyo, kinachohesabu miili peke yake, kinarusha shinikizo kutoka bar 249 hadi bar 435. Kipande cha pili, cha kuvutana, kinakata bar 364. Linabaki 71. Kipimo halisi kilikuwa 67.

Zitazame namba hizo. Masahihisho yenyewe ni makubwa kuliko jibu, moja linapandisha karibu bar 190, jingine linashusha bar 364, na jibu ndilo linalobaki kwenye zile 249 baada ya mvutano wao. Ukiona gesi imetulia kwenye shinikizo fulani usidhani ndani kumetulia. (Nikiri kwamba ukaribu wa 71 na 67 una bahati ndani yake. Eneo hili la ujazo, mlinganyo wa van der Waals unachora wimbi ambalo kuna mahali unapanua chombo na shinikizo linapanda, jambo lisilowezekana. James Clerk Maxwell alilinyoosha wimbi hilo mwaka 1875 kwa kuchora mstari mlalo unaokata maeneo mawili yaliyo sawa, juu na chini. Mstari huo ndio ule mshale uliogoma kushuka tulipokuwa tunatoa gesi.)

Hapa naingia kwenye lalamiko langu kubwa dhidi ya maelezo ya kawaida. Kila mahali utasoma kwamba gesi hukengeuka kwenye shinikizo kubwa na kwenye baridi. Sentensi hiyo si ya uongo, ni ya kivivu. Inakufanya uamini mkengeuko ni kitu kimoja kinachoongezeka kadiri unavyokandamiza, wakati ni vitu viwili vinavyovutana kamba, na mshindi anabadilika njiani.

Chukua naitrojeni kwenye Kelvini 300. Wahandisi hupima mkengeuko kwa namba waliyoipa herufi Z, ambayo ni PV ikigawanywa kwa nRT, kwa hiyo gesi iliyotii fomula ina Z ya 1. Kandamiza naitrojeni hadi bar 50 hivi na Z inashuka kidogo chini ya 1, kwa sababu molekuli zimekaribiana kiasi cha kuanza kuvutana. Endelea hadi bar 100 na Z imerudi juu, imekuwa kama 1.005. Fika bar 500 na Z ni 1.36, maana sasa miili inagombea nafasi na mvuto umezidiwa. Kwa hiyo kuna mahali, kati ya bar 50 na 100, ambapo naitrojeni iliyokandamizwa mara nyingi kuliko hewa tunayovuta inaipa fomula jibu sahihi kabisa. Je, pale ni gesi kamilifu? Hata kidogo. Makosa mawili yamefutana. Mwanafunzi aliyepima pale tu angerudi na ripoti kwamba fomula imethibitishwa.

Kila gesi ina halijoto ambayo kufutana huku kunadumu kwa masafa marefu kuanzia shinikizo dogo, na imepewa jina la Robert Boyle. Kwa naitrojeni ni Kelvini 327 hivi, si mbali na joto la kawaida la mazingira yetu. Hewa karibu yote ni naitrojeni na oksijeni. Nashuku kwamba sehemu ya sifa njema ya PV = nRT imetokana na kwamba tunaishi karibu na halijoto ya Boyle ya gesi tunayoivuta. Angekuwapo mtu anayeishi kwenye sayari yenye hewa ya kaboni dioksaidi nzito, ambayo halijoto yake ya Boyle inazidi Kelvini 700, asingeandika kirahisi hivyo sheria ya Boyle, ile inayosema kwamba joto lisipobadilika, shinikizo likizidishwa kwa ujazo jibu ni lile lile.

Kuwaza kwamba gesi kimsingi ni gesi, na kwamba mengine ni kasoro, kuliwagharimu watu miaka mingi ya kazi. Michael Faraday alifanikiwa kugeuza klorini kuwa kimiminika mwaka 1823, na kufikia mwaka 1845 alikuwa amezimaliza gesi nyingi alizozijua. Zikabaki sita zilizogoma: oksijeni, naitrojeni, haidrojeni, monoksaidi ya kaboni, oksaidi ya naitriki na methani. Zikaitwa gesi za kudumu. Huko Vienna, Johann Natterer akaamua dawa ni nguvu, akazikandamiza hadi zaidi ya atmosfia 2,000. Hazikutoa hata tone.

Jibu lilitoka Belfast. Thomas Andrews alikaa na kaboni dioksaidi kwenye mirija myembamba ya kioo, akipima shinikizo na ujazo kwa subira ya ajabu, nyuzi baada ya nyuzi, na mwaka 1869 akatoa matokeo. Chini ya nyuzi 31 gesi ikikandamizwa inagawanyika, kimiminika chini na mvuke juu, na mpaka kati yao unaonekana kwa macho. Ukikaribia nyuzi 31 mpaka unafifia. Ukivuka, hakuna shinikizo lolote litakalourudisha. Kilichomo ndani si gesi kwa maana tuliyoizoea wala si kimiminika. Kila gesi, basi, ina halijoto yake ya kikomo, na juu ya hiyo kukandamiza ni kupoteza jasho. Kikomo cha oksijeni ni nyuzi 119 chini ya sifuri. Cha naitrojeni ni 147 chini ya sifuri. Natterer alikuwa anasukuma mlango ambao haukuwa na bawaba.

Na mchoro wa Andrews, wa shinikizo dhidi ya ujazo, mstari mmoja kwa kila halijoto, ulikuwa mchoro wa mkengeuko, si kingine. Mistari ya juu, kwenye joto kali, inafanana na ile ya Boyle. Kadiri unavyoshuka inaanza kupinda, kisha inavimba, kisha inalala kabisa. Van der Waals alikuwa nao mezani alipoandika tasnifu. Mwaka 1880 akaongeza jambo lililokuwa zito kuliko mlinganyo wenyewe: ukipima kila gesi kwa kutumia kikomo chake mwenyewe kama kipimo, gesi zote zinafuata mchoro unaokaribia kuwa mmoja. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kupima mkengeuko wa gesi ikiwa mbali bado na kikomo, akausoma, na kujua kikomo kiko wapi kabla hajafika.

Hivyo ndivyo heliamu ilivyonaswa. Heike Kamerlingh Onnes, huko huko Leiden, hakuanza kwa kukandamiza na kuomba Mungu. Kwanza alipima jinsi heliamu inavyokengeuka kwenye baridi aliyoweza kuifikia, akatumia kanuni ya van der Waals, akakadiria kwamba kikomo kiko Kelvini 5 au 6. Hesabu hiyo ndiyo iliyomwambia mashine iwe ya namna gani na aandae haidrojeni kiasi gani ya kuipozea. Tarehe 10 Julai 1908 akapata kimiminika cha kwanza cha heliamu duniani, kiasi cha mililita 60 hivi. Kikomo halisi ni Kelvini 5.2. Mtu aliyeona mkengeuko kama kero ya kusahihishwa asingeufanya kuwa ramani.

Mashine yenyewe nayo ilitembea kwa mkengeuko. James Joule na William Thomson waligundua mwaka 1852 kwamba gesi ikipenyezwa kwenye kizuizi kutoka shinikizo kubwa kwenda dogo, bila joto kuingia wala kutoka, halijoto yake hubadilika. Gesi kamilifu isingebadilika hata chembe, maana molekuli zake hazijuani, kukaa mbali au karibu kwao ni mamoja. Hewa ya kawaida inapoa kama robo ya nyuzi kwa kila bar inayopotea. Inaonekana kidogo, lakini Carl von Linde mwaka 1895 aliirudisha hewa iliyopoa iipoze hewa inayokuja, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ikadondoka. Oksijeni nyingi ya viwandani hadi leo inatokana na hewa iliyogeuzwa kimiminika.

Ila haidrojeni ukiipitisha kwenye kizuizi hicho hicho kwenye joto la kawaida, inapata joto. Kwenye halijoto hiyo mvuto wake ni dhaifu kuliko msukumano wa miili, kwa hiyo ikitanuka inaachia nishati badala ya kuitumia. Lazima kwanza uishushe chini ya Kelvini 200 hivi ndipo ianze kupoa, na ndiyo maana James Dewar hakuipata hadi mwaka 1898. Heliamu inataka chini ya Kelvini 50 hivi. Njia ile ile, kizuizi kile kile, na matokeo yanapishana kwa ishara, kwa sababu ya a na b tu.

Tabia hiyo ya haidrojeni ina bei yake leo. Magari yanayotumia haidrojeni yana matangi ya bar 700. Kwa PV = nRT, kwenye nyuzi 15, kila lita ingebeba gramu 59. Kinachoingia kweli ni gramu 40. Kwa tangi la lita 125 hiyo ni kilo 5 badala ya kilo 7.4, yaani theluthi ya safari imepotea kabla gari halijawashwa. Hapa fomula ya darasani inatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na fedha ya kufidia inatoka mfukoni mwa anayenunua kompresa.

Nisimpambe van der Waals kupita kiasi. Mlinganyo wake ukifika kwenye kikomo unaharibika. Unadai kwamba pale Z ni 0.375 kwa kila gesi; kaboni dioksaidi ikipimwa inatoa 0.274, maji yanatoa 0.23. Sababu si namba mbaya za a na b. Yeye alichukulia kwamba kila molekuli inahisi mvuto wa wastani wa wenzake wote, kama vile wamesambazwa sawasawa, ilhali karibu na kikomo molekuli zinajikusanya makundi makubwa kwa madogo, yanayoundika na kuvunjika, hadi mwanga unatawanyika na gesi inakuwa kama maziwa. Wastani hauna maana hapo. Ilibidi kusubiri hadi Kenneth Wilson, aliyepata Nobel mwaka 1982, ili nadharia ya eneo hilo ikae sawa.

Watu wa mafuta na gesi hawakusubiri. Otto Redlich na Joseph Kwong walibadilisha kipande cha mvuto mwaka 1949, Giorgio Soave akakigusa tena mwaka 1972, Ding-Yu Peng na Donald Robinson wakaja na wao mwaka 1976, na mlinganyo wao bado unaendesha programu za kusanifu viwanda. Wote wamebaki na mifupa ile ile: kipande cha miili, ukitoa kipande cha mvuto. Kwa anayetaka usahihi wa mwisho juu ya kaboni dioksaidi, upo mlinganyo wa Roland Span na Wolfgang Wagner wa mwaka 1996. Huo unaanza na gesi kamilifu, kisha unaongeza vipande 42 vya mkengeuko.

Ni kazi nzuri mno, na sitaki mwanafunzi aanze nayo, kwa sababu huwezi kunyooshea kidole hata kimoja cha vipande hivyo 42 ukasema hiki ni ukubwa wa molekuli, hiki ni kuvutana kwao. Lakini sioni sababu ya kumweka na PV = nRT muhula mzima kabla ya kumwonyesha a na b. Mpe gramu 44 na chombo cha mililita 100 siku ya kwanza. Apate 249, umwambie kipimo kimesema 67, halafu umwache atafute bar 182 zilizopotea zimekwenda wapi.